Barafu za Bibi na Vipovu vya Mamdogo

Mmoja wa watu wa kwanza duniani kuunyonya utafiti wa mamdogo ni mimi. Ulikuwa mtamu kiasi, ila unanuka yai. Nilikuwa nimesimama stendi ya Buzuruga na ndoo yangu ya barafu, sare ya shule bado mwilini, najipongeza kwa kazi nzito ya kuwauzia watu maji yaliyogandishwa, wala sikujua kwamba hicho ninachokilamba ndicho mamdogo alichokuwa anakitegemea ili apate nafasi ya kwenda kusoma.

Ngoja nianze vizuri. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema naandika kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Mamdogo ni mdogo wake mama, na ni mhandisi. Wazazi wangu wako Magu na pamba yao na mpunga wao. Mimi nililetwa Mwanza mjini nisome, na yeye ndiye aliyenipokea, akanipa godoro na masharti. Mtaani kwetu watu hawakujua mhandisi ni mdudu gani. Walimletea redio zilizokufa na pasi zinazopiga shoti. Akiwaambia hiyo siyo kazi yake, kwamba yeye kasomea mitambo ya viwandani na kemia yake, wanaondoka wakinong'ona kuwa kumbe mhandisi ni fundi aliyesoma mpaka akasahau kutengeneza.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Kilikuwa cha serikali. Halafu zikaja zama hizi za kuuza kila kitu, nacho kikauzwa, na aliyekinunua akaona mashine zinamchosha, akakigeuza ghala la mitumba. Mamdogo akarudi nyumbani na koti lake la bluu la kazini na kikombe chake cha chai. Bahati nzuri viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni kila kukicha, na kimojawapo kikamchukua aangalie mitambo ya ubaridi. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabakiziwa mapanki, yaani kichwa, mifupa na mkia. Mimi nasema asante, maana supu yake si ya kitoto.

Lakini akili ya mamdogo haikuwa kwa sangara. Ilikuwa imebaki Dar, wodini, kando ya kitanda cha babu.

Babu alipata kansa ya koo. Mamdogo ndiye aliyempeleka Dar kutibiwa na kukaa naye. Dawa aliyotundikiwa ilikuwa kali: ilikwenda kooni, ikaenda na kwenye nywele, tumboni, kwenye kucha, kila mahali ambako haikualikwa. Mzee aliyekuwa akibeba gunia la pamba huku anapiga mluzi, akawa kikombe kinamshinda. Alipofariki watu walilia kwa namna zao. Mamdogo alilia kihandisi. Alikaa mkekani, macho yamevimba, akasema, "Pale kiwandani kwetu, ukitaka mafuta yafike kwenye chupa, unajenga bomba. Humwagi mafuta kiwanda kizima ukategemea mengine yataingia kwenye chupa. Ile dawa nani aliisanifia njia?" Shangazi mmoja alimwekea wali mbele yake akamwambia ale.

Lile swali halikumtoka. Rafiki yake aliyebaki chuo kikuu Dar akawa anamtumia kurasa za majarida ya kisayansi zilizopigwa fotokopi, naye anazisoma jikoni amekalia ndoo iliyofunikwa. Humo akakuta kuna watu wanatengeneza vipovu vya mafuta, vidogo kiasi kwamba unaweza kupanga mamia yake kukatiza upana wa unywele mmoja. Unakipakia kipovu dawa, kinaibeba mpaka inakotakiwa. Lori dogo. Baadaye akakuta jambo la pili, hilo ndilo lililomfanya aache ugali ukapoa: lori halilazimiki kubeba sumu. Linaweza kubeba habari tu, likaipeleka kwa askari wa mwili, wale wa kinga, kazi wakaifanya wao.

Alituelezea mimi na bibi tukiwa tunakula. Bibi ni mama yake, mjane wa babu. Mimi na bibi ni watani kama ilivyo kwa bibi na mjukuu. Ananiita mke mwenzangu, nami namwambia marehemu mume wetu alinipenda zaidi mimi, ila alikuwa anauogopa mwiko wake.

"Mama," mamdogo akaanza, "unawakumbuka sungusungu kule Magu?"

"Niwasahau vipi? Ng'ombe zetu si wao waliozirudisha?"

"Walizipataje?"

"Kwa nyayo. Mtu anapiga mwano, ukisikia ukelele huo hulali, kijiji kizima kinatoka. Wanafuata nyayo. Zikiingia kijiji cha pili, nacho kinatoka kinazipokea. Wakikataa kuzipokea, ng'ombe watalipa wao."

"Haya. Kansa ni mwizi, ila hakutoka mbali. Ni kijana wa hapohapo kijijini. Sungusungu wanapishana naye njiani wanamsalimia. Hawamshuku kabisa."

"Mtoto wa nani huyo?"

"Ni mfano, mama."

"Hata kama mfano. Lazima ana kwao."

"Kwao ni humohumo mwilini, ndiyo ubaya wake. Sasa mimi nataka kumpelekea mkuu wa sungusungu unyayo wa huyo mwizi. Nimwambie, mtafute mwenye mguu huu. Vile vipovu ndivyo vitakavyoupeleka."

Bibi akatafuna taratibu. "Na marungu?"

"Marungu wanayo wenyewe siku zote. Walikuwa hawajui wampige nani."

"Hiyo ni dawa yenye heshima," bibi akasema. Mimi nikauliza kama sungusungu wa mwilini nao wanavaa kaptula. Nikatumwa kuosha vyombo.

Kosa alilofanya mamdogo ni kulitaja neno kinga mbele ya jirani. Siku hizi ukisema kinga ya mwili, mtu anasikia ugonjwa mmoja tu. Haukupita muda mtaa mzima ukawa unajua kwamba kwetu inapikwa dawa ya UKIMWI, na baba mmoja asiyetufahamu akaja na chupa tupu iliyooshwa vizuri. Mamdogo alimkalisha sebuleni, akamweleza polepole kwamba hana dawa ya ugonjwa wowote, hata ya mafua hana. Yule baba alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka na chupa yake.

Sasa, ili mamdogo aifanye kazi hiyo kweli, alihitaji mashine na mwalimu, na vyote viwili havikuwa Mwanza. Vilikuwa kwa profesa mmoja Mhaya anayefundisha Ulaya. Mamdogo alimwandikia. Majibu yalikuwa mafupi: nafasi ni moja, wanaoitaka ni wengi. Yeye mwenyewe anakuja nchini kumsalimia mama yake Bukoba, atapita Mwanza kupanda meli. Mamdogo atengeneze vipovu kwa vifaa vyovyote atakavyovipata, amwonyeshe. Vikiwa vidogo na vikabaki vidogo, watazungumza. Vikiwa vimeshikamana vimekuwa mafuta ya kuelea, waagane kwa amani.

Mimi nilisema Mhaya akikubali kitu cha mwingine basi hicho kitu ni kizuri kweli. Mamdogo hakucheka. Nikajua mambo mazito.

Kazi ikaanza jikoni. Alipata chupa moja ya spirit safi kabisa kutoka kwa rafiki yake wa Dar. Akatenga viini vya mayai, akavikoroga na ile spirit mpaka akachuja mafuta fulani yaliyojificha ndani ya kiini. Mafuta hayo akayavuta kwa bomba la sindano, akawa anayachoma kidogokidogo kwenye maji yanayozungushwa kwa injini ya feni mbovu. Mara nyingi yalimharibikia. Na kwa kuwa viini vilikwenda kwenye sayansi, ute ulikuja kwetu. Tulikula ute wa mayai asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikawa nikipishana na kuku njiani namwangalia kwa chuki.

Vipovu vyenyewe huvioni. Ila alinifundisha namna ya kuvipima. Ukimulika tochi gizani kwenye maji yenye vipovu vidogo, yanang'aa bluu kwa mbali, kama moshi wa kuni wa asubuhi. Vikishikamana vikawa vikubwa, bluu inakufa, yanabaki meupe, na chini kunatua makapi. Basi tukawa tunajifunika blanketi sebuleni mchana kweupe, mimi na mhandisi wa shahada, na tochi na glasi. Jirani aliwahi kuingia bila hodi akatukuta hivyo, akatoka kinyumenyume.

Mwisho ikapatikana bluu nzuri. Spirit nayo ikawa imekwisha mpaka tone la mwisho. Mamdogo akaweka maji yake kwenye jagi, akafunika kwa sahani, akaliweka kwenye friji, na pembeni yake akaweka kichupa kidogo cha maji hayohayo. Akaniambia, "Hili jagi usiliguse, usilisogeze, usilitazame." Akaenda kazini zamu mbili mfululizo ili apate ruhusa siku ya profesa.

Bibi hakuyasikia hayo, alikuwa Buhongwa kwa ndugu yake.

Na friji ile, ukweli usemwe, ni ofisi ya bibi. Anatengeneza barafu za ubuyu, za ukwaju na za maziwa, anazifunga kwenye vile vifuko virefu vya nailoni, na mimi nikitoka shule naenda kuziuza stendi. Kwa mgao huu wa umeme, biashara hiyo inahitaji mbio: umeme ukirudi tu, kila kilichomo ndani ya nyumba chenye uwezo wa kuganda kinatupwa kwenye frizi kabla haujakatika tena.

Bibi aliporudi kutoka Buhongwa, umeme nao ukarudi. Akafungua friji, akakuta jagi. Akafunua sahani. Akaona kitu cheupe, chepesi, kina ubluu. Kwa mtu aliyenunua maziwa maisha yake yote, hilo lina maana moja tu: muuza maziwa kaongeza maji, na safari hii kaongeza mpaka kapitiliza. Bahati mbaya muuza maziwa mwenyewe akapita na baiskeli yake.

"Wewe! Hebu simama hapo! Haya ndiyo maziwa ya kumletea mjane?"

"Shikamoo bibi. Mimi leo sijaleta maziwa hapa."

"Ng'ombe wako siku hizi anakunywa ziwa zima?"

"Bibi, nakuapia, sijaleta!"

Alikuwa anasema kweli tupu, masikini, akaondoka amenuna. Bibi akarudi jikoni. Akayaonja yale maji, akayaona hayana ladha ya kitu chochote duniani, akaamua kuyaokoa. Akatia sukari. Akaonja. Akatia tena, maana kitu chepesi kinahitaji kusaidiwa. Akavijaza vifuko, akavifunga, akavipanga kwenye frizi. Kile kichupa kilikuwa kinaziba nafasi, nacho akakisukumia humohumo.

Kesho yake mchana nikatoka shule, nikachota barafu kama kawaida, nikaenda stendi. Wateja wachache walilalamika. Kondakta mmoja wa basi la Magu akaniuliza, "Dogo, hii barafu imetagwa?" Nikamwambia ni toleo jipya, wenye akili wameshaielewa. Nami nikaonja moja kuhakikisha. Hapo ndipo ule mwanzo wangu ulipo.

Ndipo nikamwona mamdogo. Anakimbia katikati ya stendi na koti la bluu na mabuti ya kiwandani, anatoa harufu ya sangara, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani.

"Usiuze! Usiuze tena! Umeuza ngapi?"

"Shikamoo mamdogo. Kwani vipi?"

"Ni vipovu! Nimekuta jagi tupu nyumbani, bibi yako amevigandisha vipovu!"

Akageuka akamwona kijana ameketi dirishani kwenye lile basi la Magu, barafu iko mdomoni.

"Kaka, samahani, naomba hiyo barafu."

"Hii? Si nimeinunua?"

"Ni ya utafiti."

"Dada, nimeshaifikisha nusu."

"Nipe hiyo nusu."

Yule kijana akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye mwenye akili timamu pale, halafu akaikumbatia barafu yake kwa mikono miwili. Basi likaondoka. Utafiti ukaenda Magu.

Njiani nilimuuliza kama tutakufa. Akasema ni yai, maji na sukari, dawa hakuna hata chembe, yale malori bado yalikuwa matupu. Nikashukuru Mungu. Halafu nikaona anatembea bila kuangalia magari, nikamshika mkono kama mtoto. Profesa alikuwa anakuja kesho asubuhi. Spirit hakuna. Na kipovu kikiganda, akaniambia, vijiwe vya barafu vinakichana, vinavisukuma vyote pembeni vinashikamana. Basi.

Nyumbani bibi alikuwa ameshaelewa kwa sura tu. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Ng'wanawane," akamwambia mamdogo kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "kwa nini hukuniambia?"

"Hukuwepo, mama."

"Basi nigombeze."

"Nikugombeze vipi?"

Na kweli, hakumgombeza. Akakitoa kichupa, akakiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akaingia nacho chini ya blanketi. Nami nikaingia. Akawasha tochi. Weupe mtupu, na vipande vinaelea kama maziwa yaliyokatika. Akazima. Tulikaa mle gizani, namsikia anapumua.

Nikatoa neno nililokuwa nalo, nalo lilikuwa la kijinga. "Na za bibi je? Hebu tuzipime nazo, tujue zimefeli kwa alama gani."

Akanijibu kwa uchovu, "Lete."

Niliiyeyusha barafu moja kwenye glasi. Akamulika. Akaniambia niisogeze glasi kushoto. Nikaisogeza. Ilikuwa bluu. Hafifu kidogo kuliko ya mwanzo, ila bluu, inapita katikati ya glasi kama barabara, na chini hakuna makapi.

"Lete nyingine," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika.

Nyingine bluu. Nyingine bluu. Bibi akainua pembe ya blanketi akachungulia. "Mnafanya nini humo?"

"Mama, uliweka nini?"

"Sukari. Yalikuwa hayana ladha."

Mamdogo akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mimi nikambeba bibi nikazunguka naye sebuleni mpaka akanipiga kofi la mgongo. Sukari ilikuwa imejipenyeza katikati ya vipovu ikavishika visikanyagane wakati wa kuganda. Hivyo ndivyo mamdogo alivyonieleza, nami nimeshalielezea darasa zima, pamoja na wasiotaka.

Asubuhi kabla profesa hajafika nilimpa ushauri wa bure. "Sema wewe ndiye uliyeweka sukari makusudi. Nani atajua?"

"Akiniuliza nimeweka kiasi gani?"

Hapo dili likafa.

Profesa alikuja na suti na viatu vinavyong'aa, akamwamkia bibi vizuri sana, akakaa. Mamdogo akamsimulia yote: jagi, mgao, muuza maziwa, stendi, nusu iliyokwenda Magu. Hakuficha kitu. Halafu akamwekea mezani barafu zilizofungwa kwenye nailoni. Yule mzee akaziangalia kwa muda. Kisha akavua koti, akaomba blanketi. Naapa, nimemwona profesa wa Ulaya akiingia chini ya blanketi letu lenye picha ya simba, na bibi akiishika pembe moja ili mwanga usiingie.

Alipotoka nywele zimemsimama, akamuuliza bibi, "Mama, sukari uliweka kiasi gani?"

"Mpaka ikakolea."

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia mamdogo. "Kwamba sukari inalinda, wenzetu wanajua siku nyingi, hilo siyo jipya. Lakini wewe hujui ni kiasi gani, wala hujui ikipungua itakuwaje. Kwa hiyo hapa una bahati tu, na nafasi yangu siwezi kuipa bahati. Mimi naelekea Bukoba kwa mama. Nikirudi, nionyeshe mhandisi."

Alimpatia njia ya kupata spirit kwa mtu wake wa maabara pale hospitali ya rufaa mlimani, akaenda bandarini.

Ile wiki ya kumsubiri arudi ndiyo ninayoishukuru kuliko zote, ingawa nililishwa tena ute. Mamdogo akatengeneza upya, akagawa kwenye vikombe, kila kimoja na sukari ya kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Akaniweka mimi kuwa hakimu wa tochi. Nikauliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu mimi naitaka bluu mno, nitaiona hata isipokuwepo. Wewe hujali."

Nilikuwa najali, ila sikumwambia. Ili nisijue kikombe kipi ni kipi, bibi alivifunga nyuzi za rangi anazozijua yeye peke yake, akawa anavileta chini ya blanketi kimoja kimoja, na ukimuuliza siri ya uzi mwekundu anakuimbia. Nilisema bluu palipo bluu, nikasema makapi palipo makapi, hata mara moja niliposema makapi nikamsikia mamdogo, kule nje ya blanketi, anashusha pumzi. Umeme nao ulifanya yake. Ulikatika barafu zikiwa nusu zimeganda, zikayeyuka, ukarudi, zikaganda tena. Mamdogo alitukana kwa Kisukuma maneno ambayo mimi sikujua kama anayajua. Halafu akasema vikombe hivyo visimwagwe, navyo vipimwe.

Nyuzi zilipofunguliwa, mambo yakajipanga: sukari kidogo, makapi; ikifika kiasi fulani, bluu inashika; ukizidisha zaidi ya hapo unapoteza sukari bure. Bibi alihuzunika kidogo kusikia kwamba yeye alikuwa amezidisha.

Profesa aliporudi na meli alikuwa na mkungu wa ndizi na haraka. Aliangalia vikombe kwa mpangilio, anauliza, mamdogo anajibu, wanakwenda kasi mpaka nikapotea. Mwisho akauliza kwa sauti ya kutega, "Na umeme ukikatika katikati?"

"Ulikatika," mamdogo akasema, akamsogezea vikombe vya mgao. "Hivi viwili vimeharibika. Hiki kimehimili, na sijajua kwa nini. Ndicho ninachotaka kuja kukisoma."

Yule mzee akakaa chini. Alikigeuza kile kikombe mkononi kwa muda, akakiweka mezani.

"Pasipoti unayo?"

Mamdogo hakuwa nayo. Bibi ndiye aliyejibu, "Ataipata."

Aliipata. Ameondoka, godoro lake nimelirithi mimi, na masharti yake nimeyaacha uwanja wa ndege. Najua natania, lakini nikikaa peke yangu nahesabu walionifikisha hapa nilipo, mtu ninayeelewa somo la kemia bila viboko: namkuta yeye chini ya blanketi ananiuliza naona nini, na anasubiri jibu langu kama jibu la mtu mzima. Hakuna aliyewahi kunisubiri hivyo. Walimu wangu wengi hunisubiri nimalize ili wanitoe nje.

Mamdogo hupiga simu kwenye duka moja pale stendi siku tulizopatana. Mara ya kwanza nilimuuliza ameshaponya wangapi. Akasema amepewa kazi ya kuosha glasi za maabara, na kwamba anaziosha kama mtu anayetafuta ndoa. Juzi sauti yake ilikuwa na furaha. Vipovu vyake vimepakiwa unyayo wa mwizi kwa mara ya kwanza, na vimeingia kwenye mwili. Wa panya, lakini mwili.

Bibi akaninyang'anya simu.

"Hao panya wana kansa?"

"Wanayo, mama."

"Waliipata wapi?"

"Tuliwapa sisi, mama."

Bibi alisimama pale dukani na simu sikioni, kanga imemteleza begani, wala hakuiinua. Nilijua anamwaza babu.

"Basi muwashukuru," akasema. "Kila asubuhi, kabla hamjaanza kazi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Mamdogo anasema anafanya hivyo. Anawashukuru kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, wenzake wa maabara wasije wakamwona amechanganyikiwa.